Mkasi Ambao Haukuchorwa

Wahenga walisema, "Ajali haina kinga." Watu wa Ugiriki na Roma ya kale walilieleza jambo hilo kwa mfano wa kazi ya wanawake. Walisimulia juu ya miungu watatu wa kike: mmoja husokota uzi wa maisha ya mtu, wa pili huupima, na wa tatu huukata kwa mkasi. Uzi ukikatwa, siku zako zimekwisha.

Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 17 waliutumia mfano huo. Mwaka 1622 Maria de' Medici, mama wa mfalme wa Ufaransa, alimwagiza Peter Paul Rubens wa Antwerp amchoree maisha yake kwa ajili ya jumba lake mjini Paris. Picha 24 zilikamilika mwaka 1625. Leo zimo katika makumbusho ya Louvre.

Katika mojawapo, wale watatu wanausokota uzi wa Maria kabla hajazaliwa. Hebu itazame mikono yao: mkasi haupo! Ni kama kusema kwamba uzi wa malkia huyu hautakatika.

Lakini maisha yenyewe yalikuwa na mkasi. Mei 13, 1610 Maria alivikwa taji. Kesho yake mumewe, Mfalme Henri wa Nne, aliuawa. Mwana wao Louis alikuwa na miaka 8, hivyo mama akatawala kwa niaba yake. Mwaka 1617 mwana huyo alimwondoa mama yake madarakani na kumpeleka mbali na Paris. Baadaye walipatana, na Rubens akayachora hata mapatano hayo. Rangi ilidumu, mapatano hayakudumu. Mwaka 1631 Maria aliikimbia Ufaransa, asirudi tena. Alifia ugenini, mjini Köln, mwaka 1642.

Akina mama wenzangu, nasi hupenda kujichorea maisha yasiyo na mkasi: ndoa isiyotikisika, watoto wasiotuumiza. Uzi wa kesho umo mikononi mwa Mungu. Wa leo tunao sisi. Je, kuna mwana, binti au mkwe ambaye hamsemezani? Picha nzuri ya familia ukutani haitawapatanisha. Mwendee wewe, kabla jua halijatua.