Dozi kamili na chupa ya damu: wito kwa wana Nzega

Mtu akishikwa na homa Nzega, mkoani Tabora, mara nyingi haanzii hospitali. Huanzia duka la dawa. Liko jirani, foleni yake ni fupi, na muuzaji anamjua mteja kwa sura. Mteja humwita "dokta", hata kama aliye nyuma ya kaunta ni mhudumu aliyesomea kutoa dawa tu. "Dokta, nipe rangi mbili za buku." Vidonge hivyo vya antibiotiki vinahesabiwa hadi pale shilingi elfu moja inapoishia, vinatiwa kwenye kibahasha, juu yake panaandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja kutwa mara tatu. Siku ngapi? Hapaandikwi, kwa sababu buku haifiki mwisho wa dozi.

Wote wawili wanalijua hilo. Muuzaji anajua dawa haitoshi. Mteja anajua kwamba akipata nafuu kesho, haji kununua zilizobaki. Tatizo ni kwamba duka moja likikataa, mteja anavuka barabara na kununua duka la pili. Mwenye msimamo anapoteza mauzo, na ugonjwa unabaki palepale. Jambo la namna hii halimalizwi na muuzaji mmoja mwenye moyo mwema. Linahitaji mji mzima kukubaliana.

Nchi hii ilishawahi kufanya makubaliano ya aina hiyo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji na miji midogo ilitegemea maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari, lakini mengi yaliuza chochote. Mwaka 2003, Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo sasa ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ikishirikiana na shirika la Management Sciences for Health, ilianzisha mkoani Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Duka likaguliwe, mtoaji dawa apate mafunzo, na pawe na orodha ya dawa zinazoruhusiwa, zikiwemo baadhi ya antibiotiki. Mpango ukaenea nchi nzima, na Uganda na Liberia zikauiga. Mwananchi wa kawaida alipata dawa halali karibu na nyumbani, na muuzaji akapewa dhamana ambayo zamani hakuwa nayo kisheria.

Magharibi ya Tanzania inajua thamani ya dawa iliyo karibu. Januari 1867 mmisionari David Livingstone aliibiwa sanduku lake la dawa safarini, na kwa miaka iliyofuata aliugua bila kinga. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, dawa zilikuwa miongoni mwa vitu alivyomletea. Mwaka uliofuata wawili hao walifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, na Livingstone akabaki hapo hadi Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani. Enzi hiyo dawa ilitembea miezi kadhaa begani mwa watu kabla ya kumfikia mgonjwa wa Unyamwezi. Leo inafika kwa lori. Iliyobaki ni kazi ya kuitumia ipasavyo, na kazi hiyo iko mikononi mwa watu wa hapahapa.

Wana Nzega wameshaona pia hisani inayotoka nje. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulifunguliwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1990, ukachimba kwa takriban miaka 15, kisha ukafungwa. Hisani ya mgodi huondoka na mgodi. Muuza dawa haondoki: watoto wake wanasoma shule zilezile, na akiugua analazwa wodi ileile. Ndiyo maana wito huu unaanzia kwake.

Jambo la kwanza ni dozi. Wenye maduka ya dawa wa Nzega, kuanzia famasi za mjini hadi Duka la Dawa Muhimu la kijiji cha mwisho, na wakae pamoja, waite na mfamasia wa halmashauri, wakubaliane kutouza nusu dozi ya antibiotiki wala ya dawa ya mseto ya malaria. Dozi ya mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mkupuo, mara sita, ndani ya siku tatu. Anayemeza nane na kuhifadhi vingine kwa ajili ya homa ijayo hajapona, na anawapa vimelea nafasi ya kuizoea dawa. Kwa upande wa bakteria hali ni nzito zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na Afrika iliyo kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia kuliko eneo lingine lolote.

Asiye na fedha ya dozi nzima asiachwe. Mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito wana haki, kwa sera ya nchi, ya kutibiwa bila malipo katika kituo cha serikali. Muuzaji na awaelekeze huko badala ya kuwauzia vidonge vya buku. Kwa wengine, kila mtaa unaweza kuwa na mfuko mdogo unaochangiwa na maduka na wakazi, wa kumalizia dozi ya jirani aliyekwama. Na mafua ya kawaida hayatibiwi kwa rangi mbili, kwa sababu husababishwa na virusi. Muuzaji anayelisema hilo waziwazi amemsaidia mteja kuliko anayempa alichoomba.

Jambo la pili ni damu. Nzega ni njia panda: barabara ya Dodoma na Singida kwenda Rwanda na Burundi inakutana hapa na ile ya Mwanza kwenda Tabora na Mbeya. Malori na mabasi hupita usiku na mchana, na ajali zinapotokea majeruhi huletwa hospitali za hapa. Ongeza mama anayevuja damu akijifungua, na mtoto ambaye malaria imemmalizia damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda mjini Tabora, lakini benki yoyote ya damu hutegemea wachangiaji. Wengi wao ni wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa akiba hupungua.

Hapo wafanyakazi wa maduka ya dawa wanaweza kushika usukani. Kila duka na liwe na daftari la wachangiaji wa mtaa wake: jina, simu, kundi la damu, tarehe aliyochangia mwisho. Mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia, mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Likizo ya shule ikikaribia, daftari linafunguliwa na simu zinapigwa.

Kazi kama hii imefanyika kwingine. Nchini Uingereza, maduka ya Boots yameshirikiana tangu 2009 na shirika la Macmillan, na wafamasia wake waliopata mafunzo huwashauri wagonjwa wa saratani na familia zao wakiwa kaunta. Na Nzega haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa watu kujipanga. Sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, ilizaliwa Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji walipochoka kuibiwa ng'ombe na kuvamiwa.

Ratiba ipo tayari. Juni 14 ni Siku ya Wachangia Damu Duniani, Septemba 25 ni Siku ya Wafamasia, na Novemba 18 hadi 24 ni wiki ya kuelimishana juu ya usugu wa dawa. Kikao cha wenye maduka kifanyike kabla ya Juni, wenyeviti wa mitaa na viongozi wa misikiti na makanisa wakialikwa, na makubaliano yabandikwe mlangoni mwa kila duka. Wakazi nao wana sehemu yao: kuomba dozi nzima, kuuliza inaisha siku gani, na kuandika majina yao katika daftari la damu la duka lililo jirani nao.