Tarakilishi kuukuu si taka, zaweza kuwa seva za nyumbani

MNAMO Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha usaidizi wa bure kwa mfumo wake wa Windows 10. Tarakilishi nyingi zilizouzwa kabla ya mwaka wa 2017 haziruhusiwi kuhamia Windows 11, kwani mfumo huo hudai prosesa za karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Uamuzi huo uliofanywa mbali unatugusa sisi moja kwa moja. Vipakatalishi vingi vinavyouzwa madukani jijini Nairobi ni vile vilivyokwisha kutumika ng'ambo, na wanunuzi wake ni wanafunzi, walimu na wafanyabiashara wadogo. Je, mashine hizo zote sasa zipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu?

Kwa maoni yangu, hilo litakuwa kosa. Mashine iliyochoka kuendesha Windows bado ina nguvu za kutosha kuwa seva ya nyumbani ikiwekewa mfumo wa Linux, ambao hautozi hata senti.

Wengi wakisikia neno seva hudhani ni mtambo mkubwa uliofungiwa katika chumba chenye baridi kali. La hasha. Seva ni tarakilishi yoyote iliyopewa kazi ya kuzihudumia nyingine, kama vile kuhifadhi picha za familia, hati za shamba na kazi za watoto za shule, ili kila mwenye simu au kipakatalishi nyumbani aweze kuzifikia.

Wala wazo hili si geni nchini. Mpango wa serikali wa kufunza teknolojia katika shule za msingi, ulioanza kusambaza vifaa mwaka wa 2016, ulijumuisha tabuleti, projekta na seva ndogo yenye ruta ndani yake, ili masomo yapatikane darasani bila intaneti. Swali ambalo wizara ingali inadaiwa jibu ni hili: seva hiyo ikizima, nani pale shuleni ana ujuzi wa kuifufua?

Umuhimu wa kuwa na hifadhi yako karibu ulidhihirika mwaka wa 2024. Mnamo Mei 12, nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya bahari zilikatika, na mawasiliano ya Kenya na majirani zake yakazorota. Juni 25, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilivurugika tena. Aliyekuwa ameziweka hati zake zote kwenye mitambo ya kampuni za kigeni alihangaika kuzifikia, ilhali seva ya nyumbani haihitaji waya wa baharini. Ruta huunganisha vifaa vya nyumba moja bila mawasiliano hayo kuvuka lango.

Kuiandaa si kazi ya wataalamu pekee. Mimi nilianza na kipakatalishi cha mwaka wa 2010 ambacho kibodi yake ilikuwa imepoteza herufi mbili. Nilichukua Debian, mojawapo ya mifumo mikongwe ya Linux, iliyoanzishwa mwaka wa 1993, nikaipakia kwenye flashi, kisha nikaiwasha mashine kupitia flashi hiyo.

Hatua muhimu huja pale mfumo unapouliza ni vitu gani viwekwe. Usichague mandhari ya madirisha na picha. Chagua SSH, programu inayokuwezesha kuiamrisha seva kutoka kwa tarakilishi nyingine. Bila mandhari hayo, gigabaiti mbili za kumbukumbu ya RAM zinatosha. (Na herufi mbili zilizopotea hazimsumbui mtu tena baada ya siku ya kwanza.)

Hata hivyo, chunguza kwanza umri wa prosesa. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena njia ya kuwekwa upya kwenye mashine za biti 32, kwa hivyo zilizo kongwe mno zitalazimika kubaki na toleo la 12.

Kipakatalishi kina faida moja ambayo tarakilishi ya mezani haina, nayo ni betri. Umeme ukipotea, seva haianguki ghafla. Ili isilale unapofunga kifuniko chake, mstari wa HandleLidSwitch katika faili ya logind.conf huandikwa neno ignore. Baada ya hapo iunganishe na ruta kwa kebo, kisha uweke Samba, ambayo huzifanya folda zake zionekane hata kwenye tarakilishi za Windows. Programu ya Kiwix nayo inaweza kuhifadhi Wikipedia nzima ya Kiswahili, na watoto wakaisoma hata bila intaneti.

Suala la gharama ya umeme ndilo wengi hulisahau. Tarakilishi ya mezani inayotumia wati 70 usiku na mchana humaliza takriban uniti 50 kwa mwezi. Katika bei zilizoidhinishwa na EPRA mwaka wa 2023, nafuu ya wateja wa kiwango cha chini ilikomea uniti 30, kwa hivyo mashine hiyo peke yake ingeliitoa familia ndogo katika nafuu hiyo. Kipakatalishi cha wati 15 humaliza uniti zipatazo 11, na kijitarakilishi cha Raspberry Pi hupungua hapo zaidi.

Kuhusu usalama, ushauri wangu ni kwamba anayeanza asiifungulie seva yake njia ya kufikiwa kutoka nje ya nyumba. Wezi wa mitandaoni hupima milango usiku kucha kwa kutumia programu, hawachagui tajiri wala maskini. Tumia funguo za SSH badala ya nywila, na uiamuru Debian ijiwekee masasisho ya usalama yenyewe.

Lakini adui aliyeniumiza hakutoka mtandaoni. Nilikuwa nimeanza kuzipiga picha barua za marehemu baba, kwani mchwa walikuwa wamelivamia sanduku lake. Nakala ya mwisho kwenye diski ya nje niliifanya mwezi wa Mei. Agosti diski ya seva ilianza kukwaruza, na siku ya tatu ikafa. Barua za miezi ile mitatu sikuzipata tena, na karatasi zenyewe zilikuwa zimekwisha kuliwa.

Kwa hiyo anayetumia mashine kuukuu aijumuishe bei ya diski mbili katika hesabu yake tangu mwanzo, moja ya ndani iliyo mpya na nyingine ya nakala. Yangu ya nakala hujazwa kila Jumapili jioni, kisha hurudishwa kwa dada yangu, mtaa wa pili, ambako hulala wiki nzima.