Nyuzi za Kioo Zataka Majina

Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika katika pwani ya Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, nyuzi za kioo zimeenea kando ya barabara kuu, juu ya nguzo za umeme na ndani ya majumba ya ofisi. Fedha nyingi zimetumika kuzilaza. Lakini iko kazi moja ambayo bado yahesabiwa kuwa ya ukarani tu, nayo ni kuzipa nyuzi hizo vitambulisho na kuziandika daftarini. Hesabu hiyo si sawa.

Waya wa shaba waweza kupimwa umeme wake, au kupigiwa mlio upande mmoja ukasikilizwa upande wa pili. Uzi wa kioo, wenye unene wa mikroni 125 tu, hauna umeme. Na nuru ipitayo ndani yake, aghalabu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310 au 1550, haionekani kwa macho, ingawa yaweza kuyadhuru. Fundi asimamaye mbele ya kabati lenye nyuzi 144 za manjano zilizofanana hawezi kuujua uzi wenye kazi kwa macho tu ila kwa kusoma kibandiko chake. Kibandiko kikisema uongo, atauchomoa uzi wa hospitali akidhani ni uzi uliokufa. Afadhali kingekosekana kabisa, kwani hapo angeuliza kwanza.

Ni kweli kwamba ndani ya mkongo nyuzi hupangwa kumi na mbili kumi na mbili kwa rangi zilizokubaliwa, kuanzia buluu, chungwa, kijani na kahawia. Lakini rangi hueleza nafasi ya uzi katika kundi lake tu. Haielezi watoka wapi wala waenda wapi.

Hasara kubwa zaidi hutokea njiani. Mkongo ukikatwa na tingatinga la wajenzi wa barabara, mafundi kituoni hutumia chombo kipimacho kwa mwangwi wa nuru. Chombo hicho hupeleka mmweko mfupi ndani ya uzi na kuhesabu muda wa kurejea kwake. Kwa kuwa nuru ndani ya kioo huenda kama kilometa 200,000 kwa sekunde, kila sehemu moja ya milioni ya sekunde ipitayo hadi mwangwi urudi ni sawa na meta 100 hivi za uzi. Za uzi, si za barabara. Nyuzi huzungushwa ndani ya ala, hivyo ni ndefu kuliko ala yenyewe; tena mafundi huacha mizingo ya akiba mashimoni na kwenye viungio. Mathalani, chombo kikionyesha kilometa 40, na uzi umezidi ala kwa asilimia moja, pana meta 400 hivi zisizokuwamo barabarani. Mizingo 20 ya meta 15 yaongeza meta 300. Gari litapita mahali penye hitilafu kwa meta 700, na watu watachimba usiku kucha penye mkongo mzima. Daftari lenye kila mzingo, kila kiungio na namba za meta zilizochapwa juu ya ala ndilo liwezalo kuonyesha pa kuchimba.

Wako wasemao kwamba ramani kamili itamwongoza mhujumu. Hoja hiyo ina uzito, ila jibu lake ni kuifungia ramani, si kutoichora. Wengine husema fundi mkuu anakumbuka kila kitu. Hukumbuka kweli, kisha hustaafu.

Kibandiko yafaa kiwe pande zote mbili za uzi, tena cha kuchapwa, maana wino wa kalamu hufutika kwa joto na jasho la mikono. Kitaje kituo, kabati na tundu la mwanzo na la mwisho. Kisitaje jina la mteja, kwa kuwa wateja huhama na nyuzi hubaki. Badiliko liandikwe kabla kabati halijafungwa. Na mikataba ya ujenzi iseme wazi kwamba sehemu ya mwisho ya malipo haitolewi mpaka mwenye mkongo apokee daftari na kulijaribu: achague viungio vichache bila kumwarifu mkandarasi, afungue mashimo, alinganishe. Pakiwa na tofauti, mkandarasi apime upya njia nzima kwa gharama yake.