Kitufe Kipimwe kwa Neno, Neno Lisikatwe kwa Kitufe

Hapa Hounslow tunacho chama cha kufa na kuzikana, kama walivyo nacho Waswahili wengi wa ughaibuni. Kwa miaka mingi tuliendesha mambo yetu kwa daftari la mweka hazina na simu za usiku. Kisha vijana wetu wakatujengea tovuti. Tuliwashukuru, na tunawashukuru bado. Lakini shukrani hazizuii ugomvi, na leo tumekuja na ugomvi.

Mama mmoja katika wanachama wetu alifiwa na kaka yake Tanga. Usiku ule ule mwanawe akamjazia ombi la nauli kwenye tovuti. Kamati ikashauriana kwa simu, ikakubali, na mweka hazina akabonyeza panapostahili. Asubuhi mama alipofungua simu yake, kwenye kibandiko kidogo kando ya jina lake palisomeka: "Limek…". Basi. Herufi tano na nukta tatu. Ombi limekubaliwa au limekataliwa? Mama, na msiba wake kifuani, aliona limekataliwa. Hakuuliza, kwa maana mtu mzima aliyekataliwa hapigi simu kudai sababu. Siku ya tatu mweka hazina akampigia kumwuliza mbona hajaleta namba ya benki. Kule Tanga matanga yalikuwa yanaanuliwa.

Tulipomwuliza kijana wetu, alitueleza kwa uungwana. Kurasa za tovuti huvalishwa kwa CSS, lugha ya kuagiza mwonekano iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kupitishwa na shirika la W3C mwezi Desemba 1996. Kwa CSS unakiambia kivinjari kitufe kiwe na rangi gani, upana gani, na neno likizidi nafasi lifanywe nini. Yeye aliagiza kila kibandiko kiwe na upana wa pikseli 64, neno lisishuke mstari wa pili, na likizidi likatwe na kuwekewa nukta tatu. Kipimo alikichukua kwa neno "Paid", herufi nne za Kiingereza. Tafsiri ya Kiswahili ilikuja baadaye, na kipimo hakikuguswa.

Tungeishia hapo kama angesema tu, "Nimekosea, nitarekebisha." Lakini yeye na wenzake walileta hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja.

Kwanza walisema Kiswahili ni kirefu mno kwa vitufe. Hebu tuhesabu. "Cancel" ni herufi sita, na "Ghairi" ni sita. "Search" ni sita, na "Tafuta" ni sita. "Delete" ni sita, na "Futa" ni nne. Ni kweli "Save" yenye nne inakuwa "Hifadhi" yenye saba, na "Settings" yenye nane inakuwa "Mipangilio" yenye kumi. Lakini Mjerumani anaandika "Einstellungen", herufi kumi na tatu, na hatujasikia Wajerumani wakiambiwa waache lugha yao kwa ajili ya kitufe. Mwongozo wa kampuni ya IBM, ambao W3C imeunukuu kwa ajili ya mafundi wa tovuti, unasema maneno ya Kiingereza yasiyozidi herufi kumi yakipelekwa katika lugha nyingine za Ulaya yaandaliwe nafasi ya asilimia 200 hadi 300. Kwa hiyo urefu wa neno ni jambo lililojulikana zamani. Fundi anayepima kwa Kiingereza peke yake ameamua nani atakuwa mgeni wake.

Na hata pale neno letu linapokuwa refu kweli, kisu kinakata pabaya zaidi. Kiingereza mara nyingi huweka maana mwanzoni. Kata "Approved" ibaki "Appr…", kata "Rejected" ibaki "Reje…", msomaji bado atapambanua. Kitenzi cha Kiswahili hutanguliza nani na lini, ndipo kinapofika kwenye jambo lenyewe. "Limekubaliwa" na "Limekataliwa" zina herufi kumi na mbili kila moja, na tano za mwanzo ni zile zile. "Umeongezwa" na "Umeondolewa" zote zikikatwa huwa "Umeon…". "Hujalipa" na "Hujalipwa" zimetenganishwa na herufi moja tu, na hiyo iko karibu na mwisho. Mmoja anadaiwa, mwingine anadai! Nukta tatu kwenye kitenzi chetu zimekata ujumbe na kuacha viambishi.

Pili walisema kiunzi walichotumia ndivyo kilivyo, hakibadiliki. Kiunzi chenyewe ni Bootstrap, kilichotengenezwa na wahandisi wa Twitter na kutolewa kwa umma mwaka 2011. Tukawaomba watuonyeshe. Ikadhihirika kwamba kitufe cha Bootstrap, ukikiacha kilivyo, hakina upana uliofungwa: kinajipima kwa neno lililomo, kisha kinaongeza nafasi ya ndani pande zote. Upana wa pikseli 64 uliandikwa na mikono yetu wenyewe, ili vibandiko vipange mstari vizuri. Kiunzi hakikumkata mtu neno. Sisi ndio tuliomkata, kwa ajili ya mstari ulionyooka.

Tatu walisema kibandiko kilikuwa cha kijani, na kijani kilitosha kuonyesha ombi limekubaliwa. Kimetosha kwa nani? Miongozo ya WCAG 2.0 ya mwaka 2008, ambayo mafundi wa dunia nzima wanaijua, inakataza rangi kuachiwa peke yake kazi ya kubeba habari. Hiyo hiyo inataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 pasipo kupotea kitu. Nani asiyejua kwamba wazee wetu hukuza herufi za simu? Kibandiko kilichofungwa kwa pikseli humwadhibu mzee mara mbili: kwa lugha yake na kwa macho yake.

Mwisho, wakiwa wameshindwa, walisema basi turudishe vitufe vya Kiingereza, kila mtu hapa anakijua. Hapo ndipo tulipokasirika. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi iliyonena Kiswahili kuanzia menyu hadi visanduku vya maonyo. Walikaa wakatafuta neno kwa kila kitufe. Sisi tuliopo Hounslow, wenye intaneti ya kasi na vijana waliosoma, tushindwe kupanua kibandiko kimoja?

Tena kazi hii si ngeni kwetu. Kila mama hapa ana kanga sandukuni. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Kwa miongo mingi kanga zilipigwa chapa Uholanzi, Uingereza, Japani na India, na watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Makosa ya tahajia yalitokea, lakini jina lilipewa nafasi yake. Methali fupi ilikaa katikati, ndefu ikatanuka kuelekea pindoni. Hakuna mfanyabiashara wa Mombasa au Unguja aliyekubali jina lililokatwa nusu na kuwekewa nukta tatu, maana mteja angelirudisha dukani siku ile ile. Sisi nasi turudishe vibaya dukani.

Tunayoyataka ni machache. Upana uliofungwa uondolewe, uwekwe upana wa chini tu, ambao katika CSS huandikwa min-width, ili kitufe kikue neno likikua. Nafasi ya ndani ipimwe kwa em, yaani kwa ukubwa wa herufi, ili mzee akikuza maandishi kitufe nacho kikue. Neno refu liruhusiwe kushuka mstari wa pili. Nukta tatu zisiguse kamwe neno linalotoa hukumu. Na kabla kitu chochote hakijatolewa, kijaribiwe kwa neno refu kuliko yote la Kiswahili, kwenye simu ndogo kuliko zote, mkononi mwa mzee.

Vijana watatuona wakali kwa jambo dogo. Marekebisho yenyewe, walipokubali, yalichukua mistari minne na hayakumaliza nusu saa. Udogo huo ndio unaotuuma. Mama nauli aliipata, akaenda kwenye arobaini. Maziko asingeyawahi hata kwa ndege ya kwanza kutoka Heathrow. Matanga angeyawahi.