Swali Lisiloulizwa Zahanati: "Unafanya Kazi Gani?"

Fundi wa kupaka vanishi anapofika zahanati akilalamika kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kwanza hupimwa malaria. Hatua hiyo ni sahihi. Kosa huanza pale kipimo kinapoonesha kuwa hana vimelea, naye akarudishwa nyumbani na dawa za maumivu bila kuulizwa mchana kutwa alikuwa akivuta hewa gani.

Tina ya kuzimulia rangi na vanishi mara nyingi huwa na tolueni. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama katika chumba kisichopitisha hewa. Huingia mwilini kwa pumzi na kupitia ngozi, hulevya ubongo, na ukivutwa kwa miaka mingi waweza kudhoofisha kumbukumbu na usikivu. Gundi za viatu zenye heksani nazo huweza kuharibu mishipa ya fahamu, miguu na mikono ikafa ganzi. Mafundi wengi husema wameshazoea harufu. Iliyozoea ni pua tu, mwili haujazoea.

Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliwahimiza madaktari wenzake wamwulize kila mgonjwa kazi yake. Swali hilo halihitaji mashine wala fedha. Likifuatwa na jingine, kwamba je, dalili hupungua siku za mapumziko, chanzo cha ugonjwa huanza kujitokeza. Halina budi kuulizwa kila mara, na jibu liandikwe katika faili.

Mzigo huu usiachiwe fundi peke yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Panahitajika yenye kichujio maalumu cha mkaa. Kazi ifanyike penye hewa ya kutosha, mbali na moto, na mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa tina. Tina isihifadhiwe kamwe katika chupa ya maji ya kunywa. Aliyeimeza asitapishwe, kwani yaweza kuingia mapafuni, awahishwe hospitali.

Mgonjwa naye asingoje kuulizwa. Aitaje kazi yake pamoja na dalili zake, na ikiwezekana aende na kopo lenye lebo, likiwa limefungwa vizuri. Bila hivyo atatibiwa leo, na kesho atarudi katika chumba kilekile kilichomwuguza.