Malkia Catherine ahukumiwe kwa miaka 30, si kwa usiku mmoja

Likitajwa jina la Catherine de' Medici, malkia wa Ufaransa wa karne ya 16, wengi hukumbuka sumu, wapiga ramli na maiti zilizotupwa katika mto Seine. Riwaya ya Alexandre Dumas ya mwaka 1845, La Reine Margot, ilimchora kama mama mpika sumu, na picha hiyo ikaganda. Hata kifo cha Jeanne d'Albret, malkia wa Navarre, mwezi Juni 1572, alisingiziwa yeye: ilidaiwa alimpelekea glavu zilizopakwa sumu. Matabibu walioupasua mwili wa marehemu walikuta maradhi ya mapafu, lakini uvumi wa glavu ukaendelea kusafiri.

Hekaya za namna hii zinamtendea kosa la ajabu: zinamkandamiza na kumwokoa kwa wakati mmoja. Zinamgeuza mchawi, na mchawi hahojiwi kuhusu sera. Catherine alikuwa mwanasiasa. Aliendesha siasa za nchi kubwa kwa karibu miaka 30, na maswali magumu yanamngoja huko.

Alizaliwa Florence mwezi Aprili 1519, katika ukoo wa wenye mabenki uliokwisha kuingia hadi kwenye kiti cha upapa. Hakuwa ametimiza mwezi mmoja wazazi wake wote wawili walipokuwa wamekufa. Akiwa na miaka 14 aliozwa kwa Henri, mtoto wa kiume wa pili wa mfalme François I, na harusi ikafungishwa Marseille na jamaa yake, Papa Clement VII. Kwa desturi ya huko, upande wa mwanamke ndio uliotoa mali, na Papa aliahidi nyingi. Mwaka haujaisha akafa, na aliyemrithi akakataa kulipa. Bibi harusi akabaki ugenini, yatima, ahadi za kwao zikiwa zimeyeyuka. Kwa miaka 10 hakupata mtoto, na mumewe alikuwa na hawara, Diane de Poitiers, aliyemzidi umri kwa karibu miaka 20. Mazungumzo ya kumwacha yalikuwa yameshaanza. Kuanzia 1544 akajifungua watoto 10, na saba kati yao wakavuka uchanga.

Uvumilivu huo ndio uliokuwa chuo chake cha siasa.

Julai 1559 Henri II alifariki kwa jeraha la mkuki alilolipata katika mchezo wa farasi wa kusherehekea amani. Mwanawe François II, kijana wa miaka 15 mwenye afya mbovu, alidumu mwaka mmoja na nusu tu. Desemba 1560 taji likamwangukia Charles IX, mtoto wa miaka 10, na Catherine akashika madaraka kwa niaba yake. Alichokabidhiwa ni hazina yenye deni la zaidi ya livre milioni 40, na nchi ambayo Wakatoliki na Waprotestanti, walioitwa Wahugenoti, walikuwa wameanza kuwindana.

Wengi humlinganisha na Elizabeth I wa Uingereza na kumwona ameshindwa. Ulinganisho huo una kasoro. Elizabeth alikuwa na taji lake mwenyewe. Sheria ya Ufaransa haikumruhusu mwanamke kurithi ufalme, kwa hiyo Catherine alitawala kwa jina la wanawe. Amri yake iliweza kupuuzwa na ukoo wa Guise, wa Montmorency au wa Bourbon, ambao kila mmoja ulikuwa na watu wake wa kushika silaha.

Akiwa mnyonge kiasi hicho, alifanya jambo ambalo watawala wenye nguvu kumzidi hawakulithubutu. Mwaka 1561 aliwakutanisha maaskofu wa Kikatoliki na wachungaji wa Kiprotestanti huko Poissy ili wajadiliane uso kwa uso. Mkutano haukuzaa mapatano. Hata hivyo Januari 1562, akiwa na kansela wake Michel de L'Hospital, alitoa amri iliyowaruhusu Wahugenoti kuabudu hadharani nje ya kuta za miji, na faraghani ndani ya miji. Tukumbuke ng'ambo ya bahari kulikuwaje: kati ya 1555 na 1558, chini ya Mary Tudor, Waprotestanti karibu 300 walichomwa moto Uingereza. Kusema kwamba raia wa dola moja wanaweza kuwa na ibada mbili kisheria kulionekana na wengi kuwa ni kumkufuru Mungu.

Wiki sita baadaye, watu wa mtawala wa Guise waliwaua makumi ya Wahugenoti waliokuwa wakisali ghalani katika mji wa Vassy. Vita vikaanza. Catherine akavimaliza kwa amri ya Amboise mwaka 1563. Vikarudi, akavimaliza tena mwaka 1568, kisha tena mwaka 1570. Katikati ya hayo, kwa zaidi ya miaka miwili, kuanzia 1564, alimzungusha mfalme kijana nchi nzima pamoja na msafara wa maelfu ya watu, ili wakuu wa majimbo wamwone bwana wao kwa macho. Barua zake zilizobaki ni maelfu, nyingi zikiwa za kubembeleza, kuonya na kupatanisha.

Wanaomtetea hupenda kuishia hapo. Haiwezekani, kwa sababu Agosti 1572 ipo.

Tarehe 18 ya mwezi huo alimwoza binti yake Marguerite kwa Henri wa Navarre, kiongozi kijana wa Wahugenoti, na vigogo wa Kiprotestanti wakajaa Paris. Tarehe 22 amiri Coligny, mkuu wao, alipigwa risasi na kujeruhiwa. Ni nani aliyemtuma mpiga risasi, wanahistoria wanabishana hadi leo. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 24, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, baraza la mfalme, na Catherine akiwamo, liliamua viongozi wa Wahugenoti wauawe. Tarehe 26 Charles alikwenda mbele ya mahakama kuu ya Paris akatangaza kwamba ni yeye aliyeamuru. Kufikia wakati huo mauaji yalikuwa yameshawatoka mikononi: majirani waliua majirani, na miji mingine ikafuata hadi Oktoba. Waliokufa walikuwa maelfu. Huko Roma Papa Gregory XIII alitoa medali ya ukumbusho.

Hapo ndipo kosa lake linapoonekana wazi. Kwa miaka mingi Catherine aliichukulia vita ya dini kama ugomvi wa koo kubwa: ukiwaoza watoto wao, ukiwaketisha mezani na ukiwaondoa vichwa ngumu wachache, nchi itatulia. Hakupima chuki iliyokuwa ikipandwa mitaani na wahubiri, wala hakuelewa kwamba damu ikishamwagwa kwa idhini ya ikulu, hakuna mlinzi wa mji atakayeona sababu ya kuizuia isimwagike zaidi. Aliyekuwa ameandika sheria ya kuvumiliana alishiriki kuwafundisha raia kwamba sheria hiyo ni karatasi.

Hakuacha kujaribu. Mwaka 1578, akikaribia miaka 60, alishuka kusini hadi Nérac kujadiliana na mkwewe wa Navarre, wakafikia mkataba Februari 1579. Alifariki Blois tarehe 5 Januari 1589, siku chache baada ya mwanawe Henri III kuamuru mtawala wa Guise auawe katika kasri hilohilo. Agosti mwaka huohuo Henri III naye akauawa, na taji likaenda kwa bwana harusi wa 1572.

Henri wa Navarre, sasa Henri IV, ndiye aliyetoa amri ya Nantes mwaka 1598 na kusifiwa kuwa baba wa maridhiano. Anastahili sifa. Lakini wazo la kuwapa Wahugenoti nafasi ya kisheria ndani ya ufalme wa Kikatoliki lilikuwa limeshawekwa kwenye amri ya kifalme miaka 36 kabla, na mama mkwe wake. Tofauti ni kwamba Henri alikuwa na taji kwa haki yake, alikuwa na jeshi lililoshinda, na alitawala watu waliochoshwa na vita. Vitabu vinavyomweka Catherine kwenye ukurasa wa Bartolomayo peke yake vinaeleza nusu ya kesi, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoonyesha ukubwa wa alichokiharibu usiku ule.