Mbunifu na Akilalie Kitanda Chake

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa kawaida methali hii huambiwa watu wanaohukumu maisha ya wenzao. Mimi naielekeza kwa wabunifu, wawe wa bidhaa za dukani au wa huduma za umma.

Mwaka 1979 Patricia Moore, mbunifu wa miaka 26 aliyekuwa akifanya kazi New York, alijigeuza kikongwe. Alivaa miwani iliyomtia ukungu machoni, akaziba masikio, akafunga viungo vyake visikunjike kwa urahisi. Kwa takriban miaka mitatu aliirudia hali hiyo mara kwa mara katika zaidi ya miji 100 ya Marekani na Kanada. Tena hakubadili umri peke yake: mara alikuwa bibi tajiri, mara fukara asiye na makazi.

Hapo ndipo penye fundisho. Kukitumia ulichokibuni ni rahisi; kazi ni kukitumia kama mteja akitumiavyo. Mtaalamu anayejaribu programu yake ofisini ana simu mpya, intaneti ya kasi na mwenzake wa kumuuliza akikwama. Mama ntilie anaitumia programu hiyohiyo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, bando likielekea kuisha, naye akibonyeza pasipo, hela imekwenda. Wawili hao hawatumii kitu kimoja.

Kasoro hii huwa nzito zaidi katika mambo ya serikali. Aliyeuziwa sabuni mbaya atanunua nyingine kesho, lakini mwananchi hana serikali ya pili ya kumpa cheti cha kuzaliwa. Anayepanga njia za mabasi akipita kila siku kwa gari la ofisi, na anayetunga fomu ya mkopo wa wanafunzi asipowahi kuijaza, atayajuaje mateso ya wanaozitegemea? Si lazima awe mtu mbaya. Kunguni hawamfikii tu.

Nitaambiwa kwamba viongozi huzuru vituo vya huduma. Naam, lakini ziara iliyotangazwa hufagiliwa njia. Aliyepishwa foleni hajaiona foleni.

Nitaambiwa pia kwamba mbunifu hawezi kuwa kila mtu. Ni kweli. Moore aliweza kuuvua ukongwe wake jioni. Bibi halisi hulala nao. Kwa hiyo kutumia hakumwondolei mbunifu wajibu wa kusikiliza, bali humfanya ayaamini malalamiko anayoyasikia.

Napendekeza jambo moja: kabla huduma yoyote ya umma haijazinduliwa, walioibuni waitumie mwezi mzima, kwa fedha zao, bila kutaja vyeo, kwenye foleni ileile ya wananchi. Wakishindwa kuivumilia, utepe usikatwe.